Uso wa Saruji

Benchi letu liko Wazo, pale njia ya vumbi inapoachana na lami ya malori ya saruji, mbele ya kibanda changu cha kunyolea. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali. Alasiri ikishaingia, Anwar anafika na birika lake la kahawa, anagonganisha vikombe, na watu wanakaa. Kuna Didas, tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi na tangu siku hiyo hajarudi kuwa mtu wa kawaida. Kuna Nassibu wa bodaboda, tunamwita Redio, na hilo halihitaji maelezo. Na kuna Ansbert, mtu wa Mbinga, mgane wa miaka mingi, anayefyatua matofali nyuma ya kituo cha bodaboda. Huyo tunamwita Saruji. Wageni wanadhani ni kwa ajili ya matofali, kumbe ni kwa ajili ya uso. Ule uso ukishakauka asubuhi, haubadiliki mpaka kesho. Timu yake ikifunga goli, uso ule ule. Ikifungwa, uso ule ule. Hata siku nyoka alipopita chini ya benchi na sie wote tukapanda juu, Ansbert alinyanyua miguu tu, akaendelea kunywa kahawa.

Sasa jioni moja akaja Sekela, binti wa Mbeya anayepiga video za harusi na kipaimara, amepanga nyumba ya jirani yangu. Begani ana begi la kamera.

— Shikamooni.

— Marahaba, nikamwitikia. Leo harusi ya nani?

— Si harusi, mjomba. Nimeanza darasa. La kuediti, kule Tegeta, juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Didas akaweka kikombe chini.

— Kuediti si kukata vibaya ukabakiza vizuri? Hilo hata muuza nyama analijua.

— Na mie nilidhani hivyo. Kumbe Mwalimu Stephano anasema kila unapokata uwe na sababu. Unaweza kukata ili kuruka muda. Mtu anafunga mlango hapa Wazo, unakata, anafungua mlango Mbeya. Mtazamaji haulizi kapita wapi.

— Mie nauliza, akasema Nassibu. Kapanda basi gani?

— Au unakata huku na huku. Mwizi anavunja dirisha, mwenye nyumba anarudi kutoka kazini. Mwizi, mwenye nyumba, mwizi, mwenye nyumba. Watu wanatoka jasho! Na hao wawili hata hawajuani. Mmoja ulimpiga picha Jumatatu, mwingine Ijumaa.

— Huo ni ushahidi wa kupanga, akasema Didas. Kwa hakimu haupiti.

— Hapa hakuna hakimu, Wakili, nikamwambia. Kunywa kahawa.

Sekela akatuambia alichofuata. Wamepewa kazi ya darasani. Kila mwanafunzi atafute mtu, ampige video ya uso akiwa katulia, asicheke wala asikunje. Halafu auunganishe uso huo na kitu kingine, awaonyeshe watu, awaulize yule mtu anawaza nini.

— Nimezunguka Tegeta nzima, akasema. Kila mtu akiona kamera anabetua midomo. Wa kutulia sijampata.

Tuligeuka wote kwa pamoja tukamtazama Ansbert.

— Mie? akasema Ansbert.

— Tafadhali, kaka Ansbert. Wewe kaa tu kama ulivyo.

— Nifanye nini?

— Usifanye kitu.

— Hilo naliweza.

Kesho yake, Jumanne, akampiga. Ansbert alikaa mwisho wa benchi, kikombe mkononi, macho mbele, mpaka Nassibu akauliza kama kamera imewaka au imeganda. Jumamosi Sekela akarudi, akasimamisha kompyuta yake mpakato juu ya kiti changu cha kunyolea. Tukajazana kibandani, Anwar naye na birika lake.

Akawasha. Sahani ya pilau inatoa moshi. Halafu uso wa Ansbert.

— Ana njaa, akasema Nassibu. Ona koo linavyocheza! Huyu hajala tangu juzi.

Akawasha ya pili. Jeneza linatolewa nyumbani, kina mama wanalia. Halafu uso wa Ansbert.

— Dah, akasema Anwar kwa sauti ya chini. Pole, braza.

Nami nikamgusa Ansbert begani. Yale macho yalikuwa na msiba ambao sijawahi kuuona kwake.

— Sasa nyie, akasema Sekela, hilo la pilau na hilo la msiba ni uso mmoja. Sijabadilisha hata unywele.

— Haiwezekani, akasema Didas. Ule wa msiba umelegea hapa kwenye shavu.

— Ni ule ule, mjomba. Shavu mmelilegeza nyie.

Ansbert alijisogeza karibu na kioo cha kompyuta, akajiangalia kama mtu anayekagua tofali la mwenzake.

— Kumbe naweza kuigiza, akasema.

Ndipo Sekela akawasha ya tatu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi letu, pana genge la Mama Benja, yule dada mjane anayeimba kwenye kwaya ya parokiani. Jina lake ni Auleria. Sekela alikuwa amemwomba ruhusa kupiga nyanya zake kwa ajili ya darasa. Kwenye picha Mama Benja anafuta nyanya kwa ncha ya kanga, anazipanga mafungu, anamcheka mteja ambaye hatumwoni. Halafu uso wa Ansbert.

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Nassibu alianguka kwenye ndoo yangu ya maji. Didas alisema, "Kesi imekwisha, mshtakiwa amekiri." Hata Anwar, mtu wa heshima zake, alijiziba mdomo kwa kitambaa cha birika. Maana ule uso, ndugu yangu, ulikuwa umependa. Ulikuwa umependa kwa muda mrefu, na ulikuwa unaogopa.

— Zima, akasema Ansbert.

— Kaka, ni zoezi tu la...

— Nimesema zima.

Sekela akazima, akaomba radhi, akaahidi hiyo haitatoka darasani. Na kweli haikutoka kwake. Ila Nassibu, wakati sie tunacheka, alikuwa ameinua simu yake nyuma ya bega langu. Kabla ya magharibi klipu ilikuwa kwenye grupu la mtaa, imewekewa mioyo myekundu na wimbo wa taarabu.

Hapo ndipo utani ulipoingia mchanga. Wateja wa Mama Benja wakaanza kumuuliza mchumba hajambo. Wenzake wa kwaya wakampigia vigelegele katikati ya mazoezi. Mtu mmoja asiye na haya akamuuliza kama nyumba atajengewa kwa matofali ya inchi tano au ya sita. Yule mama hakugombana na mtu. Jumatatu asubuhi tulikuta amefunga turubai la bluu upande wote wa genge unaotazama benchi letu. Anauzia ubavuni.

Ansbert akaacha kuja. Alikuwaga ananunua mchicha pale kila jioni. Sasa tukasikia anaufuata mpaka Tegeta. Siku moja nilimpita kwenye matofali yake nikamwambia njoo basi, watu wameshasahau. Akaendelea kufyatua. Aliinua kibao cha kufyatulia, akaangalia tofali, akasema:

— Mwenzio nilikuwa na mahali pa kukaa, na mahali pa kununua mchicha. Vyote viwili vilikuwa vinatosha.

Nilirudi kibandani sina raha. Jioni hiyo nikawaita wote, na Sekela naye. Alikuja macho yamevimba.

— Mwalimu Stephano ameiona kwenye simu ya mtu, akasema. Kaniambia mtu akikupa uso wake kakukabidhi kitu, na mie nimekiacha mlangoni. Bora angenitukana.

Tukamtazama Nassibu. Nassibu akatazama ndala zake.

— Mie nilidhani watu watacheka siku moja, basi. Jamani, si niliweka na wimbo mzuri?

— Umetuharibia kijiwe, akasema Anwar, na Anwar huwa hasemi. Hakummiminia kahawa.

— Tusilaumiane, akasema Didas. Kilichoharibiwa kwa mkato kitatengenezwa kwa mkato. Sekela, si umesema maana inatoka kwenye picha zinavyofuatana? Basi tubadilishe. Tutoe toleo jipya, grupu zima lione kwamba Saruji hakuwa anamwangalia huyo mama.

Sekela akafikiri, akafungua kompyuta.

— Inawezekana. Tukichomeka picha nyingine katikati, macho yake yatakwenda kwenye hiyo.

— Chomeka mbuzi, akasema Nassibu upesi. Nina video ya mbuzi wa jirani, nzuri sana.

Akaitoa, Sekela akaichomeka. Mama Benja anapanga nyanya. Mbuzi anatafuna boksi. Uso wa Ansbert.

Tukaangalia. Tukaangalia tena.

— Sasa anampenda mbuzi, nikasema.

— Hapana, akasema Didas, tazama vizuri. Anamlinganisha Mama Benja na mbuzi. Hii ni kashfa. Hii ina fidia.

— Toa mbuzi! akapiga kelele Anwar. Mnataka yule mama atuue?

— Basi weka kitu cha kazi, akasema Didas. Weka lori la saruji. Mtu anayefyatua matofali ya saruji lazima aangalie lori, ni jambo la kisheria kabisa.

Sekela alikuwa na lori, alilipiga akijaribu kamera. Mama Benja anapanga nyanya. Lori linakuja mbio na vumbi lake. Uso wa Ansbert.

Anwar ndiye aliyeanza.

— Limemgonga.

— Nani?

— Lori. Limemgonga Mama Benja. Na Saruji ameshuhudia.

Kweli kabisa. Lilikuwa limemgonga. Ungeuona ule uso ungetoa ubani.

— Mmemuua mama wa watu! nikawaambia. Tulianza na aibu, sasa tuna maiti.

— Basi ishu ni sauti, akasema Nassibu. Weka singeli, watu watacheka.

— Mtu kagongwa na lori unaweka singeli?

— Si lori tutalitoa!

— Sikilizeni, akasema Didas, akasimama kabisa, mkono kifuani kama amevaa joho. Tunakosea kwa kumwokoa mmoja. Tuwatie wote. Tupige uso wa kila mwanamume wa Wazo, tuunganishe na nyanya za Mama Benja. Wakili anampenda, Redio anampenda, kinyozi anampenda, mjumbe wa mtaa anampenda. Mashtaka yakigawanywa kwa watu wote, hakuna mshtakiwa.

— Mke wangu nitamwambiaje? nikauliza.

— Utamwambia ni mkato.

— Na yeye ataniambia nini?

— Ataniita mie nije kukutetea.

Nassibu akasema afadhali tufanye kinyume, tuthibitishe kwamba Ansbert ule uso alizaliwa nao, tukachukue picha ya ubatizo wake Mbinga. Didas akasema mtoto mchanga hawezi kuwa shahidi. Anwar akasema labda tumwambie Mama Benja kwamba yule si Ansbert, ni pacha wake. Tulikuwa tumefika huko, tunamtafutia pacha jina, ndipo nikahisi nyuma yetu pana mtu.

Ansbert alikuwa amesimama pembeni ya mlango, suruali imejaa saruji, mkononi ana mfuko wa mchicha wa Tegeta. Sijui alisikia tangu wapi. Na kabla sijamkaribisha, turubai la bluu ng'ambo likainuliwa. Mama Benja akavuka barabara. Alikuja polepole, kanga kiunoni, akasimama mbele ya kibanda changu. Sijawahi kuona benchi lile linyooke vile. Hata Didas alishusha mguu.

— Hamjambo.

— Hatujambo, mama, tukaitikia kama darasa la kwanza.

— Nassibu.

— Naam, dada.

— Mie ni mtu mzima. Nina mtoto yuko chuo. Umenifanya nipite kanisani nimeinama, mie ambaye sijaiba kitu. Umefurahi?

— Hapana, dada Auleria. Nisamehe. Nimekosa. Sijui hata niseme nini.

— Basi usiseme. Pumzika kidogo.

Kwa Nassibu hiyo ni adhabu kuliko jela. Akafunga mdomo, akaufunga kweli.

Mama Benja akamgeukia Sekela.

— Mwanangu, nieleze. Hizi picha, mie na yeye, ulizipiga wakati mmoja?

— Hapana, mama. Wewe nilikupiga Ijumaa. Yeye nilimpiga Jumanne ya kabla yake. Nimeziunganisha tu, ndiyo somo lenyewe. Alipokuwa anapigwa picha wewe hukuwepo pale. Hakuwa anakuangalia wewe. Nitakwenda kulisema hilo hata kwenye kwaya, mmoja mmoja.

— Mnaona? akasema Didas. Mshtakiwa hana hatia!

— Jumanne, akasema Mama Benja. Jumanne sikufungua. Huwa nakwenda Ilala kufuata mzigo.

— Ndiyo hivyo, nikasema. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuangalia. Yamekwisha, mama. Kaa upate kahawa.

Hakukaa. Alikuwa anatazama lile benchi, halafu akageuka kutazama ng'ambo, kwenye genge lake, kama fundi anayepima kwa kamba.

— Sawa, akasema. Lakini mtu akikaa hapo mwisho, macho mbele, anaangalia kitu. Siku hiyo Ansbert alikuwa anaangalia nini?

Ndugu yangu, tulitazamana. Wiki nzima tulikuwa tumeujadili ule uso. Tumeupa njaa, tumeupa msiba, tumeupa mbuzi na lori na pacha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mwenyewe swali hilo. Sekela aligeuza kompyuta, akatazama ile picha tena kama ndiyo anaiona mara ya kwanza.

Ansbert aliuhamisha mfuko wa mchicha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

— Nilikuwa naangalia genge, akasema.

— Lilikuwa limefungwa.

— Ndiyo. Niliona limefungwa.

— Sasa ukiona limefungwa unaangalia nini?

— Kama litafunguliwa.

Lori lilipita barabarani, tukasubiri vumbi litulie. Mama Benja alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga; nilidhani ni vumbi, lakini vumbi lilitulia na kanga ikabaki pale pale.

— Jumanne zote? akauliza.

— Jumanne zote huwa hufungui, najua. Lakini naangalia.

— Na wewe una mdomo, Ansbert. Mwaka wa ngapi huu unanunua mchicha kwangu? "Nipe fungu mbili." "Ahsante." Mie nikajua huyu mtu kanichukia, ila mchicha wangu ndio anaupenda.

— Mchicha siupendi sana, akasema Ansbert.

Nassibu alitoa sauti kama birika linalochemka, lakini alikumbuka adhabu yake, akajibana.

Mama Benja akautazama ule mfuko mkononi mwa Ansbert.

— Huo wa wapi?

— Tegeta.

— Umenyauka.

— Umenyauka, ndiyo.

— Jumanne hii pia nakwenda Ilala. Mzigo ni mkubwa, na wale vijana wa magari wananipondea nyanya. Wewe si una guta la kubebea matofali?

— Ninalo.

— Lina breki?

— Linayo moja.

— Mie natoka saa kumi na moja alfajiri.

— Nitakuwa mlangoni saa kumi.

— Saa kumi utaniamshia mbwa wa mtaa mzima. Njoo saa kumi na moja, kama watu.

Akauchukua ule mfuko wa mchicha mkononi mwa Ansbert, akautupia kwenye ndoo yangu ya nywele, akavuka barabara. Alipofika gengeni akafungua kamba za turubai, upande mmoja, kisha upande wa pili, akalikunja vizuri akaliweka chini ya meza. Hakutugeukia hata mara moja.

Sekela alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kamera mapajani, imezimwa.

— Umeichukua hiyo? Nassibu akamnong'oneza, kaghairi adhabu yake. Sista, niambie umeichukua!

— Sikuichukua.

— Jamani! Hata kidogo?

— Hata kidogo. Na wewe, simu hiyo, weka mfukoni.

Nassibu akaiweka mfukoni. Ansbert akaja kukaa mahali pake, mwisho wa benchi, akanyoosha mkono apewe kikombe. Anwar akainamisha birika, akalitikisa, akalifunua kifuniko akachungulia ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha. Didas alikuwa amenywa yote wakati wa kutetea.

— Haidhuru, akasema Ansbert.

Akakaa na kikombe kitupu. Baada ya muda akagundua tumemkalia upande mmoja, watu wanne na vichwa vyetu, tunamkodolea macho. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

— Na nyie, akauliza, mnaangalia nini?